LDR, fototransista au BH1750: kuchagua sensa ya mwanga kwa mradi mdogo

Ukitoka ndani saa sita mchana ukasimama juani, macho yatakuambia tu kwamba huku nje ni kweupe zaidi. Hayatakuambia kwamba mwanga umeongezeka mara mia mbili au mia tatu. Ofisi yenye taa za kutosha huwa na luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) 300 hadi 500. Jua la utosini hufika luksi 100,000 na ushei. Mbalamwezi ya mwezi mpevu, ambayo mtu hutembea nayo bila tochi, haifiki hata nusu ya luksi moja. Macho hujirekebisha kimyakimya bila kutupa taarifa, na hapo ndipo uchaguzi wa sensa huharibika: tunakadiria mwanga kwa macho, kisha tunanunua sensa kwa makadirio hayo. Mezani inafanya kazi vizuri, ikipelekwa nje inakuwa kipofu.

Kwa hiyo kabla sijalinganisha LDR, fototransista na chipu kama BH1750, naomba ujibu swali moja kuhusu mradi wako. Unataka uamuzi, unataka namba, au unataka kasi? Taa inayojiwasha giza likiingia inataka uamuzi: kumekucha au kumekuchwa. Kifaa kinachorekodi mwanga wa kitaluni kila dakika kinataka namba, na namba hiyo lazima iwe na maana ileile leo na mwezi ujao. Kihesabu mizunguko ya feni, au kipokezi cha rimoti, kinataka kasi. Sensa iliyo hodari katika moja ya kazi hizi mara nyingi ni dhaifu katika nyingine.

LDR

LDR ni rezista ambayo ukinzani wake hushuka mwanga unapoongezeka. Ile ya kawaida, kidude cha duara chenye mstari uliopindapinda kama nyoka usoni, imetengenezwa kwa kadimiamu salfaidi. Inauona mwanga karibu kama tunavyouona sisi: kilele chake kiko kwenye nanomita 540 hivi, na cha jicho la mtu ni 555. Sifa hiyo haitajwi sana, lakini tukifika kwenye fototransista utaona thamani yake.

Kuiunganisha ni rahisi. LDR moja, rezista moja ya kawaida, zote zikiwa katika mstari kati ya volti 5 na graundi, unasoma volti pale zinapokutana. Tuchukue GL5528, ambayo huja kwenye vifurushi vingi vya wanaoanza. Katika luksi 10 ukinzani wake unatajwa kuwa kati ya kilo-ohmu 8 na 20. Maana yake ni kwamba LDR mbili kutoka mfuko mmoja zinaweza kupishana zaidi ya mara mbili, na mtengenezaji akazihesabu zote kuwa nzima.

Sasa tupige hesabu, maana LDR haieleweki bila hesabu. Chukua moja yenye kilo-ohmu 10 katika luksi 10, na ambayo kila mwanga ukizidi mara kumi, ukinzani wake unagawanyika kwa tano hivi. Iweke upande wa volti 5, chini yake weka rezista ya kilo-ohmu 10, usome kwa bodi ya Arduino Uno, ambayo pini zake za analogi hugeuza volti 0 hadi 5 kuwa namba 0 hadi 1023. Katika luksi 1 utapata kama 170. Luksi 10, 511. Luksi 100, 853. Luksi 1,000, 984. Luksi 10,000, yaani kivuli cha nje mchana kweupe, 1015. Jua kali la luksi 100,000, 1021.

Tazama zile mbili za mwisho. Kati ya kivulini na juani kuna hatua sita tu, na kelele za umeme kwenye waya peke yake zinaweza kumeza mbili tatu kati ya hizo. Lakini kati ya luksi 1 na luksi 100, yaani kati ya giza la magharibi na chumba chenye taa, kuna hatua karibu 700. Hiyo ni sensa nzuri sana ya magharibi na ni sensa mbovu ya mchana.

Wengi wakifika hapa huitupa LDR na kununua nyingine. Wangebadilisha rezista. Ukiweka ya ohmu 220 mahali pa ile ya kilo-ohmu 10, kivuli kitasoma kama 750 na jua 954: hatua sita zimekuwa mia mbili. Gharama yake ni kwamba luksi 10 sasa itasoma 22 tu, na kila kilicho gizani kitaganda karibu na sifuri. Kanuni ya kuchagua rezista ni hii: tafuta ukinzani wa LDR mahali penye giza zaidi unapopajali, kisha mahali penye mwanga zaidi, zidisha namba hizo mbili, halafu tafuta kipeuo cha pili. Kwa luksi 100 hadi 100,000 jibu la LDR yetu ni ohmu 180 hivi, na ile 220 ya kwenye kifurushi inatosha. Usipojua ukinzani huo, ipeleke LDR yenyewe mahali hapo ukaipime kwa multimita. Dakika tano tu.

Udhaifu wake mwingine: ni nzito kuitikia. Mabadiliko huchukua milisekunde 20 hadi 30, na ikitoka kwenye mwanga mkali kwenda gizani huchukua sekunde kadhaa kabla ukinzani haujatulia. Ina kumbukumbu pia, kwa maana kwamba LDR iliyokaa gizani usiku kucha na iliyokaa juani mchana kutwa hazitasoma sawa kwenye taa moja. Ndiyo maana siwezi kuiita kipimo. Na kadimiamu ni sumu. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu vitu hatari katika vifaa vya elektroniki inaiwekea kikomo cha asilimia 0.01 ya uzito, kikali kuliko cha risasi, ambacho ni asilimia 0.1. Kwa kujifunzia mezani haikuzuii, ila usiivunje, usiichome, na ikifa usiitupe ovyo.

Taa yangu ya kwanza ya kujiwasha ilikesha ikipepesa. Giza liliingia, taa ikawaka, LDR ikaona mwanga wa taa ileile, ikaamua kumekucha, ikazima, ikaona giza, ikawasha. Nilishinda kesho yake nikitafuta waya uliolegea. Hapakuwa na waya uliolegea. Nililazimika kufanya mambo mawili: kuificha LDR nyuma ya kipande cha bomba kilichoelekea angani, na kuweka vizingiti viwili katika programu, iwake ikishuka chini ya 300 na izime ikipanda juu ya 500. Sensa ya bei yoyote ingenifanyia vivyo hivyo.

Fototransista na fotodayodi

Fototransista, yaani transista inayofunguliwa na mwanga, inafanana na LED ya kawaida, na ndiyo maana watu huzichanganya kwenye sanduku. Inaitikia kwa mikrosekunde, si milisekunde, kwa hiyo mapanga ya feni yanayokatiza mwanga inayahesabu bila shida. Mkondo wake hupanda sambamba na mwanga kwa kiasi kizuri, na unaiunganisha na rezista moja tu, kama LDR.

Tatizo ni kile inachokiona. Silikoni ambayo haijachujwa hupenda zaidi miale ya infraredi, ambayo sisi hatuioni. Kilele chake huwa kwenye nanomita 850 hadi 900. Fanya jaribio hili kama una balbu ya zamani ya filamenti. Iweke pamoja na balbu ya LED, zisogeze hadi karatasi nyeupe ionekane na mwanga sawa chini ya kila moja, kisha pima kwa fototransista ya kawaida. Filamenti itakuja mara kadhaa juu ya LED, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati yake inatoka kama infraredi. Macho hayajakudanganya, na fototransista haijadanganya. Kila mmoja anapima kitu chake.

Kwa taa ya kujiwasha ndani ya nyumba ya taa za LED, tatizo hilo linaweza lisikuguse. Kwa kifaa cha kurekodi mwanga linakuharibia kila kitu. Dawa ni kununua iliyotengenezwa kufuata jicho, mfano TEPT5600 ya Vishay, ambayo kilele chake kiko nanomita 570. Zenye ganda jeusi ni kinyume: zinazuia mwanga unaoonekana na kupitisha infraredi pekee. Hizo ni za rimoti na za kutambua kizuizi. Kwa mwanga wa chumba hazifai kabisa.

Fotodayodi ni hatua ya mbele zaidi. BPW34, yenye uso wa milimita za mraba 7.5, huitikia kwa nanosekunde 100 hivi, na mkondo wake hufuata mwanga kwa uaminifu mkubwa kutoka gizani hadi juani. Lakini mkondo wenyewe ni mdogo mno: katika luksi 1,000 unapata mikroampea 70 hivi, kwa hiyo luksi 1 inakupa nanoampea 70. Utahitaji opampu (chipu ya kukuza mkondo huo), rezista kubwa ya mrejesho, na nidhamu ya kuficha waya zisiokote kelele. Kama huna sababu ya kasi au ya vipimo vya maabara, iache kwa sasa.

Niongeze moja hapo hapo: LED ya kawaida nayo huhisi mwanga ukiiunganisha kinyume, na huitikia zaidi mwanga wa rangi yake au wa mawimbi mafupi kidogo kuliko hayo. Mmarekani Forrest Mims alilitumia jambo hili kujenga vifaa vya kupimia anga. Ni dhaifu, lakini ukitaka sensa inayochagua rangi bila kununua kichujio, jaribu.

Chipu zinazotoa luksi

Hapa ndipo ningempeleka mtu yeyote anayetaka namba. Ndani ya chipu moja kuna fotodayodi, kikuza mkondo na kibadilishi cha kuwa dijitali, na jibu linatoka kwa waya mbili za I2C, njia ambayo chipu huzungumza na bodi kila moja kwa anwani yake, likiwa karibu tayari. Kama unatumia Raspberry Pi kubwa, huna budi kuja huku kwa sababu nyingine: haina pini ya analogi hata moja. Bodi za ESP8266 zinayo moja tu, na chipu yenyewe hupokea volti 0 hadi 1 pekee. Pico na Arduino hazina kikwazo hicho.

| Chipu | Upeo (luksi) | Anwani | Volti |
|---|---|---|---|
| BH1750 | 1 hadi 65,535 | 0x23, 0x5C | 2.4–3.6 |
| VEML7700 | hadi takriban 120,000 | 0x10 | 2.5–3.6 |
| TSL2591 | hadi 88,000 | 0x29 | 2.7–3.6 |
| OPT3001 | 0.01 hadi 83,000 | 0x44 hadi 0x47 | 1.6–3.6 |
| MAX44009 | 0.045 hadi 188,000 | 0x4A, 0x4B | 1.7–3.6 |

BH1750 ndiyo ya kuanzia. Programu zake ziko kila mahali, mistari kumi inatosha, na hali yake ya kawaida husoma kwa milisekunde 120 hivi, jambo ambalo lina faida ambayo haionekani mara moja. Taa za umeme wa gridi ya hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukisoma LDR au fototransista ghafla, mara unakamata kilele, mara unakamata bonde, na namba zinaruka bila sababu unayoiona. Sensa inayokusanya mwanga kwa zaidi ya milisekunde 100 inameza mipepeso kumi na zaidi na kutoa wastani. Ukibaki na fototransista, fanya hivyo mwenyewe: soma mara nyingi ndani ya milisekunde 100 kisha gawanya. Muda huo unabeba mipepeso kumi kamili ya hezi 50, na kumi na miwili ya hezi 60, kwa hiyo unafaa kote.

Lakini ile namba 65,535 katika jedwali imewaponza wengi, nami nikiwemo. Niliweka BH1750 juani juu ya kitalu cha miche, nikaiacha irekodi siku nzima. Asubuhi ilipanda vizuri. Kisha kuanzia mchana kati ikaandika 54612.50, 54612.50, 54612.50, saa baada ya saa, jua likipanda na kushuka. Ilikuwa imejaa. Rejista yake ina nafasi ya hesabu 65,535, na ili kupata luksi unagawanya kwa 1.2, ukifanya hivyo unapata 54,612.5 kamili. Kwa hiyo namba hiyo ukiiona, jua kwamba hujapima kitu. Suluhisho limo ndani ya chipu yenyewe: muda wake wa kukusanya mwanga unaweza kupunguzwa, kutoka thamani ya 69 iliyokuja nayo hadi 31, na hapo upeo unapanda hadi kama luksi 121,000. Programu nyingi zinayo amri hiyo. Usisahau tu kuzidisha jibu kwa 69 na kugawanya kwa 31 kama programu haikufanyii.

VEML7700 na TSL2591 nazilinganisha pamoja kwa sababu mtu anayehitaji moja mara nyingi anafikiria nyingine. TSL2591 ina fotodayodi mbili, moja inaona mwanga wote pamoja na infraredi, nyingine infraredi zaidi, na luksi hupatikana kwa kulinganisha hizo mbili. Uwezo wake wa kukuza unakwenda mara 1, 25, 428 na 9,876, kwa hiyo gizani haina mpinzani katika jedwali hili: ukitaka kupima anga la usiku, ichukue. Kwa jua la utosini upeo wake wa 88,000 ni mfupi kidogo. VEML7700 inafika juu zaidi na gizani pia si haba, lakini ina masharti. Kuanzia luksi 1,000 hivi kwenda juu majibu yake hayafuati tena mstari ulionyooka, na lazima utumie fomula ya masahihisho ambayo mtengenezaji ameichapisha. Programu nzuri huifanya. Nyingine haziifanyi, na hazikuambii. Na ukibadilisha kiwango cha ukuzaji katika yoyote kati ya hizi mbili, tupa usomaji wa kwanza unaofuata.

Mradi wa betri unanipeleka kwingine kabisa. MAX44009 hutumia chini ya mikroampea 1 ikiwa kazini, OPT3001 kama mikroampea 1.8, wakati BH1750 ikipima hutumia 120 hivi. Kweli, BH1750 unaweza kuilaza kati ya vipimo. Ila hizo mbili unaweza kuziacha macho mwaka mzima, na zina pini ya kuiamsha bodi pale mwanga unapovuka kizingiti. Kwa kifaa kinacholala gizani ndani ya kabati na kuamka mlango ukifunguliwa, sijaona njia safi zaidi.

Angalia pia safu ya anwani kabla ya kulipa. VEML7700 ina moja tu isiyobadilika, kwa hiyo huwezi kuweka mbili kwenye jozi moja ya waya za I2C bila kigawanyi kama TCA9548A. Na 0x29 ya TSL2591 ndiyo hiyohiyo ya sensa ya rangi TCS34725 na ya sensa ya umbali VL53L0X. Nimeona mtu akibadilisha moduli tatu akidhani ni mbovu, kumbe majirani wawili walikuwa wakiitika jina moja. Waya za I2C ziwe fupi, za ndani ya kisanduku kimoja. Kama sensa itakaa mbali kwenye paa na bodi iko chini, LDR au fototransista itakuvumilia zaidi.

Neno moja kwa wanaopima mwanga wa mimea, kwa kuwa ni wengi. Luksi ni kipimo cha jicho la mtu, na majani hayana jicho. Yanatumia mwanga wa nanomita 400 hadi 700 kwa uzito tofauti. Kwa jua, kugawanya luksi kwa 54 kunakupa makadirio yanayokubalika ya mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Kwa taa za zambarau za kukuzia mimea kanuni hiyo haifai hata kidogo, kwa sababu rangi nyekundu na buluu jicho huziona kwa udhaifu. Huko utahitaji sensa ya rangi nyingi kama AS7341.

Mimi kwa taa ya kujiwasha bado naweka LDR, bila haya. Kwa namba za ndani ya nyumba, BH1750. Kwa nje, VEML7700 yenye masahihisho, au MAX44009 kama kuna betri. Kwa kuhesabu kitu kinachokatiza mwanga, fototransista.

Na yoyote utakayochagua, usiilehemu kwanza. Iweke ndani ya kisanduku chake halisi, nyuma ya kifuniko kilekile cha plastiki kitakachokaa nacho, kwa sababu plastiki nyeupe ya maziwa inaweza kula nusu ya mwanga na zaidi. Pima bila kifuniko, pima nacho, andika uwiano, uweke katika programu. Elekeza uso wake juu kabisa: mwanga unaokuja kwa pembe ya digrii 60 kutoka utosini huhesabiwa nusu tu ya ule wa moja kwa moja, kwa hiyo kisanduku kilichoinama kidogo kitakupa asubuhi nzuri na jioni ya uongo. Kisha iache mahali pake irekodi kuanzia alfajiri hadi usiku, na ukae na zile namba. Zikiganda sehemu yoyote ya siku, bado hujapata sensa yako au hujapata mpangilio wake.